Pengo la Alhamisi

Yusta Mwalongo alikuwa meneja mipango wa karakana ya betri pale Makambako, na hakuna fundi aliyempenda. Hapa hakuna chumvi iliyoongezwa. Asubuhi akipita kati ya meza za kazi, watu walikumbuka ghafla kwamba kuna kitu kimewaanguka, wakainama kukitafuta hadi apite. Aliyechelewa kuinama alimsalimia kwa mdomo nusu, macho ukutani. Chai aliinywa peke yake kwenye chumba chake cha vioo juu ya karakana, akitazama watu wakicheka vicheko asivyoalikwa.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na kazi mbaya, tena aliifanya vizuri. Yeye ndiye aliyewaambia nani aingie zamu ipi, nani apumzike lini, na nani likizo yake isogezwe hadi mvua zikatike.

Malori ya umeme yanayopanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Tunduma yaliingia pale na betri zilizokwisha, yakatoka na zilizojaa. Betri ya lori si ya kubeba kwapani. Ni bonge la chuma linaloning'inia kwenye winchi juu ya vichwa vya watu, na fundi wa winchi akisinzia kidogo tu, habari yake inasomwa kanisani. Mkataba ulisema malori sitini kwa siku, na sitini yalitoka, upepo wa Makambako uvume usivume.

Aliyeyatoa ni Mratibu. Huyu hakuwa mtu, ulikuwa mtambo, ila watu walimsema kama wanavyomsema mwanakamati mbea. Kila fundi alivaa bangili, na bangili ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho, usingizi wa jana na hasira za leo. Mratibu akijumlisha hayo alijua Jumanne nani atachelewa na Jumatano nani atajitia mgonjwa. Mwanzoni watu walijaribu kumdanganya. Wakachoka wao.

Kampuni ilimnunua kwa sababu ya misiba. Mafundi wa karakana ile walikuwa na desturi yao: mwenzao hachimbiwi kaburi na watu baki. Walichimba wenyewe kwa sululu za karakana, hata kama kaburi liko Ludewa, na hawakurudi kazini hadi matanga yaanuliwe. Akifa mmoja, kazi ilisimama, malori yakapanga foleni hadi madereva wakaanza kusonga ugali chini ya matrela. Mameneja wanne walifukuzwa kwa ajili ya foleni hizo. Alipokuja Mratibu, ikaja pia kanuni: wanaokwenda kuzika ni wa meza ya marehemu tu. Wengine wabaki kazini, na anayekwenda asirudi.

Mpango wa wiki ulimfikia Yusta Ijumaa mchana, kwenye kioo cha kompyuta chumbani mwake. Ukiwa kijani, maana yake malori sitini yamefikiwa, naye aliweka dole gumba, basi. Ukiwa mwekundu, hakuna mwenye ruhusa ya kuuidhinisha isipokuwa mkurugenzi. Bila dole la mmoja wao milango haikufunguka Jumatatu.

Ijumaa hiyo ulikuja kijani kibichi kama jani la parachichi. Yusta alikuwa ameshanyoosha mkono alipoona pengo.

Lilikuwa Meza ya Nne. Kuanzia Alhamisi jina la Obadia Chengula halikuwepo. Ijumaa walikosekana watu watatu wa meza hiyo. Jumamosi meza nzima ilikuwa tupu. Wiki iliyofuata wote walirudi, isipokuwa Chengula, na mahali pake palikuwa na mtu mpya kutoka stoo.

Yusta alikaa chini. Pengo la namna hiyo alikuwa ameliona mara moja tu, mwaka uliopita, akadhani ni hitilafu ya mtambo, akaweka dole. Siku ile ile lilipoanzia pengo, Zakaria Mgaya wa Meza ya Pili aliangukiwa na betri, akafa. Kesho yake watu watatu walikwenda kuchimba, keshokutwa meza nzima ikazika. Malori sitini yakatoka kila siku.

Alitazama chini kupitia vioo. Chengula alikuwa anapaka mnyororo wa winchi grisi, mtu mzima mwenye kitambi na kofia ya sufu, akimfokea mtu kwa jambo fulani. Alikuwa mzima kabisa.

Alifanya ambacho meneja yeyote angefanya. Akampa Chengula likizo ya wiki nzima, akamwagiza Mratibu apange upya. Mpango ukaja kijani. Pengo lilikuwa limehamia kwa Sekela Mwakalinga, aliyepewa winchi ya Chengula juu ya yake. Akamtoa Sekela. Likahamia kwa Kastori Nyagawa. Akamrudisha Chengula nusu siku, akagawa zamu, akasogeza mapumziko, akaazima watu Meza ya Sita. Pengo lilizunguka Meza ya Nne kama nzi asiyetaka kutoka chumbani, na kila lilipotua, mpango ulikuwa kijani. Hapo akaelewa. Mratibu hakumchagua mtu. Malori sitini yalihitaji mikono iliyochoka kupita kiasi, na katika mikono hiyo mmoja ungeteleza. Mipango yote iliyofika sitini ilikuwa na kaburi ndani yake.

Akashusha lengo, kwa kujaribu tu. Kwenye hamsini na nne pengo likatoweka na majina yote yakakaa mahali pake, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Mpango ukawa mwekundu kama jicho la mgonjwa.

*

Mkurugenzi Edmundi Lutangilo alikuwa anakula parachichi kwa chumvi, akilikata kwa kisu kidogo juu ya gazeti. Alimwonyesha Yusta kiti bila kumtazama. Aliposikia habari yote hakushtuka. Hakuuliza hata pengo ni la nani. Mtu huyu alikuwa anajua tangu zamani.

"Kila karakana ina misiba yake, Mwalongo," alisema. "Zamani ilikuja bila hodi ikatuvuruga. Sasa tunaijua siku, tunaipanga, malori hayasimami. Wewe ulitaka nini zaidi?"

"Nataka hamsini na nne."

"Kwa wiki moja?"

"Kwa wiki zote, bosi, hadi tupate winchi mpya na watu wa kutosha."

Lutangilo alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea huruma mjinga. Akamkumbusha kwamba kuna karakana mpya imejengwa Uyole, na kwamba mkataba una kipengele: wiki moja chini ya sitini, malori yanahamia huko. Watu mia mbili wangekaa nyumbani. Akamuuliza kama anadhani watu hawafi wakikaa nyumbani bila mshahara, watoto wao hawafi, wazee wao hawafi.

"Tofauti ni kwamba hao hawana bangili," alisema, "kwa hiyo wewe ungelala usingizi."

Yusta alimchukia mtu yule kwa moyo wote, na alimchukia zaidi kwa sababu hesabu yake haikuwa na kosa la kumnasa nalo.

"Basi weka dole wewe," alimwambia.

"Kijani ni chako. Mimi nawekea vyekundu, na tangu nianze kazi hapa sijaletewa hata kimoja." Alifuta kisu kwenye gazeti. "Chagua jina unaloona linafaa. Sitaki kulijua. Na usiende kuwaambia. Ukimwokoa mmoja kwa mdomo wako, umemuua mwenzake kwa mdomo huohuo."

Alimpa hadi jioni, kisha akalirudia parachichi lake.

*

Aliporudi aliwakuta watatu wamesimama mlangoni pa chumba chake: Chengula, Sekela na Kastori. Katika miaka yake yote pale, hakuna fundi aliyewahi kupanda ngazi zile bila kuitwa.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mpango wa majaribio hufungwa kwanza ndipo uchezewe, na yeye kwa kuchanganyikiwa alisahau kuufunga. Kila alipohamisha jina, bangili ya mwenye jina ilitikisika. Chengula alikuwa amepewa likizo, akashangilia, akampigia mkewe simu, likizo ikafutwa. Sekela naye vilevile. Kastori alipewa likizo mbili na kunyang'anywa zote mbili kabla hajamaliza kula.

"Unatuchezea?" aliuliza Chengula. "Kama unatuchezea, sema. Tumeshakuzoea."

Yusta angeweza kusema ni hitilafu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na wangeliamini, maana hakuna aliyewahi kupoteza kitu kwa kuamini kwamba meneja amekosea. Badala yake aliwafungulia mlango, akageuza kioo cha mpango wakione, akawaeleza yote, pamoja na yale aliyokatazwa. Aliwaonyesha pengo kwa Chengula, akawaonyesha likihama.

Kastori alivua kofia akaivaa tena.

"Na Mgaya?" aliuliza Sekela.

"Niliona pengo. Sikujua nasoma nini."

"Ukaweka dole."

"Nikaweka dole."

Sekela alimtazama kwa namna ambayo Yusta angeona nafuu kama angempiga kofi. Mwanamke huyo na Mgaya walianza kazi siku moja.

Kisha Chengula akasema, taratibu, bila kumwangalia mtu, kwamba arudishiwe likizo yake ile ya kwanza. Sekela akamgeukia. Akamuuliza kama anafahamu akirudishiwa jina linalofuata ni la nani. Chengula akajibu anafahamu, lakini yeye ana watoto wanne na Sekela ana mmoja. Sekela akasema huyo mmoja hana baba, basi apime mwenyewe. Kastori akaleta wazo lake: kwa nini lisipelekwe kwa Fadhi wa Meza ya Sita, mlevi yule, ambaye hata akifa hakuna atakayekosa kitu. Wote watatu walilifikiria jambo hilo. Yusta aliwaona wakilifikiria, vidole vyao vikigusa majina kwenye kioo, huyu ana mgongo mbovu, huyu amebakiza mwaka astaafu, yule mke wake tajiri. Walikuwa wamekuwa mameneja mipango wote watatu, na haikuwachukua muda mrefu.

Wakaanza kutukanana. Chengula alimwita Sekela mwanamke asiye na utu, Sekela akamwambia anaficha woga nyuma ya watoto. Kelele zilishuka hadi chini, na winchi zikaanza kusimama moja baada ya nyingine.

"Chagueni mnayemtaka," Sekela alisema mwishowe. "Lakini mjue akifa yeyote humu, mimi naenda kumzika. Awe wa meza yangu, awe wa meza ya nani. Nilikatazwa kumzika Mgaya nikatii, nikashika winchi huku wenzake wanamfukia. Sitii tena. Wanifukuze."

Yusta alikuwa anatazama kioo, si Sekela. Jumamosi, pengo liwe la meza yoyote, jina la Sekela lilikuwa limezimika. Bangili ilikuwa imemsikia, na Mratibu amemwamini.

Akili yake ya kupanga, ile iliyomfanya achukiwe, ikashtuka. Msiba kwa Mratibu ulikuwa hasara ndogo kwa sababu waliokwenda walikuwa wachache. Meza moja, siku chache, mzigo wao wanabebeshwa wengine, malori yanatoka. Lakini wakienda wote, kama zamani, karakana ingesimama, na kifo kimoja kingekula malori mengi kuliko yale sita anayoyalilia Lutangilo. Mtambo usiojali roho ungeanza kuzilinda kwa uchoyo tu. Aliwaeleza hivyo kwa haraka, akajichanganya, akaanza upya. Kastori ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kwa hiyo tuseme tutakwenda wote."

"Kusema hakusaidii," alisema Yusta. "Bangili itajua. Lazima iwe kweli."

Hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika, kwa watu waliotoka kutukanana dakika hiyohiyo. Sekela hakungoja. Alitoka kwenye ngazi, watu wote wa karakana wakiwa wamekusanyika chini na glovu mikononi, akawaeleza kwa sauti: pengo, Mgaya, malori sitini, na majina waliyokuwa wanayataja mle ndani, la Fadhi likiwemo. Hakuficha lolote. Chini palizuka ghasia. Kuna aliyerusha spana, ikagonga ukuta wa vioo wa chumba cha Yusta ikauacha na ufa. Wakamlaani Lutangilo, wakamlaani Mratibu, wakamlaani meneja kuliko hao wawili. Kisha Fadhi mwenyewe, akiwa hajalewa siku hiyo, akasema yeye atawachimbia hata hao waliotaka kumtoa kafara, ili waone haya wakiwa humo kaburini. Watu wakacheka kwa hasira, na kwenye kioo majina yakaanza kuzimika, meza baada ya meza.

Pengo lilimwacha Chengula. Likatua kwa Sekela kidogo, likaondoka. Likapita kwa Kastori, kwa Fadhi, kwa mtu wa stoo. Kila lilipotua mpango uligeuka mwekundu, na Mratibu akatafuta pengine. Mwishowe ukatulia. Ulikuwa kijani, malori sitini.

Jina lililowekwa kwenye winchi ya Meza ya Nne lilikuwa Yusta Mwalongo. Aliwahi kuwa fundi wa winchi kabla ya kupandishwa cheo, leseni yake ilikuwa bado hai, na kwa Mratibu alikuwa akiba kama akiba nyingine. Alhamisi jina lilikatika. Ijumaa hakukosekana mtu. Jumamosi hakukosekana mtu. Karakana nzima ilikuwa kazini.

Wale watatu walilisoma. Hakuna aliyemwambia pole.

"Hata mmoja?" aliuliza Yusta. Hakukusudia kuuliza kwa sauti.

"Hukuja kumzika Mgaya," alisema Chengula. "Ulikuwa meneja, hakuna kanuni iliyokuzuia. Wenzake wa meza waliangalia njiani hadi jeneza linashuka. Ulitaka tukufanyie nini?"

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kwa sababu haikusemwa kwa ukali. Siku ile alibaki juu akihakikisha malori sitini yanatoka, na jioni alijipongeza moyoni. Alifikiri kulieleza hilo, akaona halielezeki. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Tunduma. Mpango ulikuwa kijani, nao ulimtaka yeye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakulazimika kuchagua jina la mtu mwingine. Aliogopa sana. Akasogeza dole gumba kwenye kioo.

Kabla halijagusa, mahali pamoja pa Ijumaa pakazimika. O. Chengula.

Chengula aliitazama bangili yake kama mtu aliyefumaniwa. "Usinifikirie vizuri," alisema. "Sikupendi na sitakupenda. Lakini mtu akifa anachimbiwa. Tungekuacha juu ya ardhi?"

Sekela alisonya. Jina lake likazimika Jumamosi, kisha la Kastori. Huko chini watu waliulizana nini kinaendelea, wakaambiwa, na wengine wakakataa kabisa, lakini wengine hawakukataa. Ilitosha. Mpango ukawa mwekundu, ukabaki mwekundu. Mratibu alihangaika kwa muda, kisha akaleta bora alioupata: malori hamsini na nne, majina yote mahali pake.

Lutangilo alikuja mwenyewe alipoona rangi. Alipanda ngazi akipita katikati ya watu wasiompisha, akausoma mpango, akauliza ni nani aliyeuharibu. Yusta akasema ni yeye. Mkurugenzi alizungumza kuhusu Uyole, kuhusu njaa inayowasubiri, na hakuwa anadanganya. Njaa ile iliwezekana kabisa, na kila aliyekuwa pale alijua.

"Usipoweka dole, Jumatatu hatufungui," Yusta alimwambia. "Hapo yatatoka malori sifuri. Waombe wenye mkataba wakusikilize. Hiyo ndiyo kazi yako uliyoikwepa."

Lutangilo alisimama mbele ya kioo, mtu ambaye mikono yake ilikuwa safi kwa miaka yote. Kisha akamfukuza kazi Yusta, hapohapo, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida. Jumatatu asubuhi arudishe funguo na asionekane tena.

Mratibu akapanga upya. Jina la Yusta likatoka. Hamsini na nne ikawa hamsini na tatu.

"Hii nini tena?" aliuliza Lutangilo. Jumatatu asubuhi, kwa nusu saa, Meza ya Nne yote ilikuwa tupu, na pamoja nayo watu kadhaa wa meza nyingine.

Mafundi walitazamana, maana walikuwa bado hawajasemezana juu ya jambo hilo. Chengula alijikuna shingo chini ya kofia.

"Tutamsindikiza hadi barabarani," alisema. "Weka dole, bosi, watu wanataka kwenda nyumbani."